Fugaku na matone ya mate: kisa cha kompyuta iliyoitwa kazini kabla ya siku yake

Septemba 2020, watafiti wa mjini Kobe, Japani, walionyesha kwa njia ya video kinachotokea mtu anapokohoa huku amevaa ngao ya plastiki usoni. Matone makubwa ya mate yanaipiga plastiki na safari yao inaishia hapo. Madogo yanashuka, yanapenya chini ya ukingo, yanapinda pembeni na kwenda zao. Yalipohesabiwa, karibu matone yote yenye ukubwa wa chini ya mikromita 5 yalikuwa yametoka nje ya ngao, na ya mikromita 50 yalitoka karibu nusu. Unywele wa kichwani una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo hapa tunazungumzia vitu ambavyo hata vikubwa vyake jicho huvipata kwa shida.

Katika video hiyo hakuna aliyekohoa. Hapakuwa na kamera, wala mtu, wala mate. Kila tone lilikuwa fungu la namba zilizokokotolewa na Fugaku, supakompyuta ambayo wakati huo ilikuwa na kasi kuliko zote duniani. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu habari nyingi za supakompyuta huishia kwenye kasi: hesabu ngapi kwa sekunde, nchi gani imeipita nchi gani. Kasi ya Fugaku ilikuwa ya kustaajabisha kweli, na nitaieleza. Lakini ukikifuata kisa hatua kwa hatua unakuta kwamba kilichoigeuza kasi hiyo kuwa elimu ya kuwafaa watu ni kitu kingine, kilichokuwa kikitengenezwa miaka mingi kabla ya ugonjwa, tena kwa ajili ya magari.

Swali lenyewe

Mwanzoni mwa 2020 wataalamu walikuwa hawajakubaliana jinsi virusi vya UVIKO-19 vinavyosafiri. Tarehe 28 Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa hauenei kwa hewa, bali hubebwa na matone ambayo ni mazito mno kuelea, yanayoanguka upesi. Japani, wakati huohuo, ilikuwa ikiwahimiza watu wake waepuke mambo matatu: sehemu zilizofungwa zisizopitisha hewa, misongamano, na mazungumzo ya ana kwa ana kwa karibu. Mashauri hayo mawili yana mahali yanapoachana. Ikiwa tone huanguka ndani ya mita moja au mbili, kusimama mbali kunatosha, na dirisha likiwa wazi au limefungwa ni mamoja. Ikiwa tone linaelea, umbali peke yake hausaidii sana, na dirisha linakuwa jambo la kufa na kupona.

Ugumu ni kwamba matone hufanya yote mawili. Tone la mikromita 100 likitoka kwenye kinywa cha mtu aliyesimama hufika sakafuni baada ya sekunde chache. Tone la mikromita 5, hewa ikiwa imetulia kabisa, linahitaji kama nusu saa kushuka umbali uleule, na hewa ya chumba chenye watu haitulii hata dakika moja. Halafu tone halibaki na ukubwa wake. Likitoka kinywani huanza kukauka papo hapo; lililokuwa zito linapoteza maji, linapungua, na likiwa njiani kuanguka linaweza kugeuka chembe nyepesi inayobaki angani. Litaanguka au litaelea? Inategemea hewa ina unyevu kiasi gani, ina joto gani na inaelekea wapi. Mwili wa binadamu wenyewe ni jiko dogo: hewa iliyo karibu na ngozi hupata joto na kupanda taratibu, ikibeba chembe kuelekea juu. Mtu aliyeketi kimya bila kufanya lolote anaivuruga hewa ya chumba.

Na jambo hili huwezi kulijaribu kwa watu. Hakuna anayeweza kujaza behewa la treni wagonjwa na wazima, awaambie wakohoe, kisha ahesabu walioambukizwa. Njia iliyobaki ni kuijenga hewa ya behewa hilo ndani ya kompyuta.

Mashine iliyokuwa bado kwenye maboksi

Fugaku iko Kobe, katika taasisi ya utafiti ya RIKEN. Jina lake ni jina jingine la Mlima Fuji. Ilikuja kushika nafasi ya kompyuta iliyoitwa K, iliyozimwa Agosti 2019, na shehena ya kwanza ya makabati yake ilianza kupelekwa Desemba mwaka huohuo. Mpango ulikuwa ianze kutumiwa na watafiti mwaka 2021. Janga halikusubiri. Kufikia Aprili 2020, makabati ya mwisho yakiwa bado hayajawasili, uamuzi ulikuwa umeshafanywa wa kufungua sehemu ya mashine kwa utafiti wa korona. Shehena ya mwisho iliingia Mei. Kwa hiyo wanasayansi walianza kupiga hesabu zao ndani ya mashine ambayo mafundi walikuwa bado wanaifunga, na huo ni ujasiri ambao sidhani umepewa uzito unaoustahili.

Ilipokamilika ilikuwa na nodi 158,976, yaani kompyuta ndogondogo zilizounganishwa pamoja, kila nodi ikiwa na kichakataji kimoja kilichoundwa na Fujitsu, na kila kichakataji kikiwa na viini 48 vya kupiga hesabu. Jumla ni viini zaidi ya milioni 7.6. Katika jaribio la Linpack, ambalo ndilo hutumika kupanga orodha ya kompyuta 500 zenye kasi zaidi duniani, Fugaku ilishika nafasi ya kwanza Juni 2020, na Novemba ikafikisha hesabu trilioni 442,000 kwa sekunde.

Lakini namba ya Linpack inaweza kumpoteza msomaji, na hapa naomba tukae kidogo. Linpack hutatua mfumo mmoja mkubwa wa milinganyo, hesabu ambayo namba zikishaletwa kwenye kichakataji hutumika tena na tena kabla ya kurudishwa. Hesabu za hewa haziko hivyo. Unapoigawa hewa katika vijisanduku, kila kijisanduku lazima kiulize majirani zake: kwako upepo unaenda upande gani, kwa kasi gani, kwa shinikizo gani? Kinapiga hesabu chache, kinaandika jibu, kazi inahamia kwa kinachofuata. Muda mwingi unakwenda katika kuzifuata namba kwenye kumbukumbu na kuzirudisha. Kichakataji kinakuwa kama fundi hodari wa kujenga anayekaa bure akisubiri kuletewa matofali.

Wabunifu wa Fugaku walilijua hilo. Kumbukumbu waliiweka bega kwa bega na kichakataji, ndani ya kifurushi kimoja, na ikaweza kupitisha data karibu terabaiti moja kila sekunde katika kila nodi. Kuna jaribio jingine, HPCG, linalopima kazi za aina hii ya kuulizana na majirani. Huko Fugaku ilipata hesabu trilioni 16,000 kwa sekunde. Ukilinganisha na Linpack, hiyo haifiki hata asilimia 4, na bado ilikuwa ya kwanza duniani. Mei 2022 kompyuta ya Marekani, Frontier, iliipita Fugaku kwenye Linpack kwa zaidi ya mara mbili. Kwenye HPCG Fugaku iliendelea kuongoza hadi 2025. Anayetaka kujua mashine inafaa kwa kazi gani na aulize kwanza kazi yenyewe inatafuna nini, hesabu au kumbukumbu.

Wavu wa vijisanduku

Tuchukue behewa moja la treni. Urefu mita 20, upana mita 3, kimo mita 2 na ushee: ndani yake kuna hewa ya mita za ujazo kama 140. Ukiigawa katika vijisanduku vya sentimita moja, unapata vijisanduku milioni 140. Ukitaka vya milimita moja, vinakuwa bilioni 140. Na si idadi tu inayokua. Kijisanduku kikiwa kidogo, upepo unakivuka kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo hatua za muda nazo lazima zifupishwe, la sivyo hesabu inavurugika na kutoa majibu yasiyo na maana. Ukipunguza upande wa kijisanduku kwa nusu, kazi inaongezeka mara 16: mara 8 kwa wingi wa vijisanduku, mara 2 kwa wingi wa hatua. Kutoka sentimita hadi milimita ni mara 10,000. Hapo bado hujaweka abiria, viti, vishikio, tundu za kiyoyozi, wala matone yenyewe, ambayo kila moja lina njia yake na ukaukaji wake.

Ndiyo maana hesabu ya namna hii inahitaji mashine kubwa. Hata hivyo, aliyewahi kutayarisha wavu wa namna hiyo kwa ajili ya umbo lenye kona nyingi atakwambia kwamba inayochelewesha kazi si kompyuta. Anayechelewesha ni binadamu. Kwa njia ya kawaida, wavu hushonwa uufuate uso wa kitu, kama nguo inayobana mwili. Mchoro wa kiti ukiwa na ufa mdogo, bati mbili zikipishana kidogo, au uwazi ukibaki mahali ambapo mchoraji hakuona, wavu unakataa. Unatafuta kasoro, unaiziba, unajaribu tena. Wiki zinakwisha. Kisha kompyuta inamaliza hesabu yenyewe kwa siku moja au mbili, na unabaki ukijiuliza muda wako umeishia wapi.

Makoto Tsubokura, aliyeiongoza timu hii RIKEN na ambaye ni profesa wa Chuo Kikuu cha Kobe, si mtaalamu wa magonjwa. Kazi yake ya miaka mingi ni mwendo wa hewa kwenye magari. Viwanda vya magari ndivyo hasa vinavyoteswa na kero hii ya wavu, kwa sababu gari lina maelfu ya vipande na mchoro wake hubadilika kila mara. Programu ya timu yake, inayoitwa CUBE, inaifuata njia tofauti. Haishoni nguo. Inajaza nafasi yote miche ya mraba, mikubwa mahali ambapo hewa imetulia na midogo mahali ambapo mambo ni mengi, kisha kitu chenyewe kinatumbukizwa humo, na hesabu inarekebishwa pale uso wa kitu unapokata vijisanduku. Mchoro ukiwa na nyufa kidogo, programu inavumilia.

Kuna faida ya pili, iliyojificha. Kila mche, uwe mkubwa au mdogo, hugawanywa katika idadi ileile ya vijisanduku. Maana yake ni kwamba kila kiini cha kompyuta kinaweza kupewa mzigo sawa na mwenzake. Katika mashine yenye viini zaidi ya milioni 7 hilo si jambo dogo, kwa sababu hatua inayofuata haianzi mpaka wa mwisho amalize. Mmoja akielemewa, mamilioni wanasubiri.

Matokeo yake ni kwamba chumba, meza, watu walioketi na feni inayozunguka viliweza kuingizwa kwenye kompyuta kwa dakika badala ya wiki. Nadhani hapa ndipo penye siri ya kisa chote. Fugaku pamoja na njia ya zamani ingetoa majibu machache, mazuri sana, yaliyochelewa. Ikiwa na CUBE, swali lililoulizwa leo lingeweza kupata jibu watu wakiwa bado wanalihitaji. Na maswali yalikuwa hayaishi: treni, darasa, ofisi, mgahawa, ukumbi wa muziki, wodi ya hospitali.

Majibu yaliyopatikana

Kwenye barakoa, hesabu za mwaka 2020 zilionyesha kwamba zile zisizofumwa, zinazotumika hospitalini, huruhusu kama asilimia 10 ya matone ya mikromita 20 au chini yake kutoka. Za pamba na za poliesta ziliruhusu hadi asilimia 40. Hata hivyo, za kitambaa nazo zilizuia sehemu kubwa ya mate yote yaliyotoka kinywani, na hilo lilikuwa la faraja kwa wasio na uwezo wa kupata nyingine.

Jibu la unyevu ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu hapa fizikia ya tone linalokauka inaonekana wazi. Hewa yenye unyevu wa chini ya asilimia 30 ilitoa chembe zinazoelea zaidi ya mara mbili ya hewa yenye unyevu wa asilimia 60 au zaidi. Tone lilelile, kikohozi kilekile. Hewa kavu imelinyang'anya maji kabla halijafika chini. Katika hewa yenye unyevu chembe chache ndizo zinazoelea, ila zinazoangukia mezani zinaongezeka. Kwa hiyo ushauri hauwezi kuwa "ongeza unyevu" tu. Unakuja na kitambaa cha kufutia meza.

Kisha mgahawa. Watu wanne meza moja, mmoja anazungumza bila barakoa. Wengi wangedhani aliye mbele yake ndiye aliye hatarini zaidi. Hesabu ilionyesha kwamba aliyeketi ubavuni, msemaji akimgeukia, alifikiwa na matone karibu mara tano ya aliye mbele. Aliye kwenye kona ya mkabala alipata kama robo tu. Sababu haina ajabu ukishaambiwa: wa ubavuni yuko karibu mno, meza haimtengi na msemaji. Lakini kabla ya kuambiwa, ni nani kati yetu angemchagua huyo?

Jibu lililozua mjadala lilitoka Machi 2021, kuhusu kuvaa barakoa mbili. Barakoa moja isiyofumwa, ikikazwa vizuri puani na mashavuni, ilizuia asilimia 85 ya chembe. Ukiongeza ya pili ya poliurethani juu yake, unafika asilimia 89. Vichwa vya habari vikasema Fugaku imepinga ushauri wa Marekani, ambako mwezi mmoja kabla kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa kilikuwa kimesifu kuvaa mbili. Ukisoma kwa utulivu huoni ugomvi. Majaribio ya Wamarekani yalionyesha faida ya kuziba nafasi za pembeni, na barakoa ya pili ni njia mojawapo ya kuziziba. Hesabu ya Kobe ilianza na barakoa ambayo pembeni ilishazibwa. Wote wawili walikuwa wakinyooshea kidole mwanya uleule kando ya pua. Inasikitisha kwamba jambo hilo, ambalo lingemsaidia kila mvaaji bila gharama yoyote, lilifunikwa na habari ya mashine kushindana na madaktari.

Mengi ya majibu hayo yalitolewa kwanza kwenye mikutano na waandishi wa habari. Wakati wa janga naelewa kwa nini, na sitawalaumu. Ila picha ya rangi inayotembea ina nguvu ya kushawishi kupita jedwali lolote la namba, na mtazamaji husahau kwamba anachokiona ni jibu la swali moja lenye masharti yake: kikohozi cha aina fulani, feni iliyo mahali fulani, mtu aliyekaa bila kutikisika. Sogeza feni na picha inabadilika.

Novemba 2021 kazi hii ilipewa tuzo maalumu ya Gordon Bell ya utafiti wa UVIKO-19, tuzo inayoheshimika kuliko nyingine katika uwanja wa supakompyuta. Katika maelezo yao, watafiti waliitaja kasi ya mashine na vilevile kile kitendo cha kutayarisha chumba kwa dakika.

Namba ambayo Fugaku haikuwa nayo

Hesabu hizi zilianza kinywani na kuishia puani. Zilisema matone mangapi yamemfikia mtu, ya ukubwa gani, baada ya muda gani. Kutoka hapo hadi kusema "ataugua" kuna pengo, na milinganyo ya mwendo wa hewa haiwezi kulivuka, hata ungeipa kompyuta mara elfu ya ile. Ni virusi vingapi vinahitajika kumwambukiza mtu mmoja? Kila tone linabeba vingapi? Hata wingi wa matone katika kikohozi ulitoka kwenye vipimo vilivyofanywa maabara kwa watu halisi, na watu hawakohoi sawasawa. Mwigo wa kompyuta ulio makini kwa sehemu ya milimita unaweza kuwa umeanzia kwenye makadirio mapana sana.

Sehemu ya jibu ilitoka mahali pengine kabisa. Mwaka 2021, Uingereza, vijana 36 wenye afya, wenye umri kati ya miaka 18 na 29, walijitolea kuambukizwa kwa makusudi chini ya uangalizi mkali, katika utafiti ulioongozwa na Imperial College London. Kila mmoja alitiwa puani tone lenye kipimo kidogo sana cha virusi. Kati ya 34 walioingia kwenye hesabu ya mwisho, 18 waliambukizwa. Matokeo yalichapishwa 2022, na kwa mara ya kwanza wanaopiga hesabu za matone walipata namba iliyopimwa kwa binadamu ya kuweka mwisho wa mlinganyo wao. Hata hivyo, virusi hivyo viliingia kwa kitone cha maji kilichodondoshwa puani, si kwa chembe ya mikromita 5 iliyovutwa hadi ndani ya mapafu.